Kibebeo cha Mezani cha Mbao kwa Ajili ya Wageni: Kukitengeneza, Kukinunua na Kukitumia kwa Usalama

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika nyumba nyingi mgeni anapobisha hodi, mwenyeji huanza kuhangaika. Vijiko vimo kabatini, vikombe viko jikoni, chumvi imesahaulika, na mtoto anatumwa mara nne kufuata vitu ambavyo vingefika mezani kwa safari moja. Kifaa kidogo cha mbao chenye vyumba viwili na mpini wa kubebea huondoa usumbufu huo. Mafundi seremala huviuza vifaa vya namna hii, na mtu yeyote mwenye msumeno, nyundo na subira anaweza kujitengenezea chake kwa ubao mmoja wa futi sita.

Somo hili linaeleza namna ya kukitengeneza. Hata hivyo, hatutaanza na msumeno. Tutaanza na ubao wenyewe, kwa kuwa kosa kubwa katika kazi hii hufanyika kabla ya kukata chochote. Watu wengi huokota kipande kilichobaki kwenye ujenzi wa paa, au hununua paleti kuukuu, au huchukua mbao za mlango wa zamani. Kipande hicho huweza kuwa kigumu, kikavu na kizuri kwa macho, huku kikiwa kimebeba sumu isiyofaa kukaribia kijiko cha mtoto. Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni moja: kitu kitakachogusa vyombo vya chakula kipimwe kwanza kwa kilichomo ndani ya mbao na kilichopakwa juu yake, kisha ndipo kipimwe kwa uzuri na bei yake.

SEHEMU YA KWANZA: KUCHAGUA UBAO

Mbao za kuepuka

Zipo aina nne za mbao ambazo tunamshauri mlaji asizitumie kwa vyombo vya mezani.

(a) Mbao zilizotiwa dawa. Mbao nyingi za paini zinazouzwa kwa ajili ya mapaa hutiwa dawa ili zisiliwe na mchwa wala kuoza. Mojawapo ya dawa zinazotumika sana kwa kazi hiyo, na pia kwa nguzo za umeme, ina madini ya shaba, kromi na aseniki. Aseniki ni sumu. Dawa hiyo huacha rangi ya kijani kwenye ubao, na wanunuzi wengi huitambua kwa rangi hiyo. Lakini rangi haitoshi kuwa ushahidi, kwa maana ubao uliokaa juani na mvuani miaka kadhaa hupauka ukawa wa kijivu au kahawia huku dawa ikiwa bado imo ndani. Kupiga randa hakuiondoi, kwani dawa ilisukumwa ndani ya ubao kwa mgandamizo na haikupakwa juu tu. Kinyume chake, kupiga randa na msasa hutoa vumbi lenye sumu ambalo fundi hulivuta puani. Mbao hizi zinafaa paa. Hazifai meza ya chakula, wala vipande vyake havifai kuwa kuni za kupikia, kwa kuwa sumu hubaki katika majivu na kupanda pamoja na moshi.

(b) Paleti zisizojulikana historia yake. Paleti na makasha ya mbao yanayovuka mipaka hutakiwa, kwa kanuni ya kimataifa ya afya ya mimea, kutibiwa ili yasisafirishe wadudu na kisha kugongwa muhuri. Muhuri huo una picha ya suke la ngano, herufi mbili za nchi yalikotibiwa, namba ya mtengenezaji, na herufi za aina ya tiba. Herufi HT humaanisha kuwa ubao ulipashwa joto, hadi kiini chake kikafikia nyuzi 56 za Selsiasi kwa muda usiopungua dakika 30 mfululizo. Herufi MB humaanisha kuwa ulifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu. Paleti yenye MB iachwe. Paleti yenye HT haikutiwa sumu katika tiba hiyo, lakini muhuri haukuelezi ni mzigo gani uliwahi kumwagikia juu yake: huenda ulikuwa unga, huenda ulikuwa dawa ya kuulia wadudu. Ukiona doa la mafuta au ukisikia harufu usiyoitambua, usiitumie. Paleti isiyo na muhuri wowote nayo iachwe.

(c) Mbao kuukuu zenye rangi. Rangi za zamani, na baadhi ya rangi zinazouzwa hata leo katika nchi mbalimbali, zina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi, kwa kuwa risasi huathiri ukuaji wa ubongo. Kuikwangua au kuipiga msasa rangi hiyo hugeuza hatari iliyotulia ukutani kuwa vumbi lililotapakaa nyumba nzima. Mlango wa babu uachwe uwe mlango.

(d) Bodi zilizogandishwa kwa gundi. Chipubodi na bodi za unga wa mbao hutengenezwa kwa chembe za mbao na gundi, na gundi nyingi za aina hiyo hutoa hewa ya fomaldehidi. Tena bodi hizi huvimba zinapolowa, na chombo cha mezani hakikosi kulowa. Plaiwudi nzuri huvumilia zaidi, lakini kingo zake zinahitaji kuzibwa vema.

Mbao zinazofaa

Kwa anayejifunza, ubao wa paini usiotiwa dawa ndio unaofaa zaidi. Ni laini, unakatika kwa urahisi kwa msumeno wa mkono, na unapatikana karibu kila mji, kwa kuwa mashamba makubwa ya miti hiyo yapo Sao Hill wilayani Mufindi na katika mkoa wa Njombe. Mwambie muuzaji waziwazi: “Nataka ubao ambao haujatiwa dawa, ni wa kutengenezea chombo cha mezani.” Mwombe aandike maneno “haujatiwa dawa” kwenye risiti. Muuzaji mwaminifu hatasita. Atakayesita atakuwa amekujibu.

Mtiki ni ubao mzuri unaovumilia maji, ila bei yake iko juu. Mninga na mkongo ni mbao za heshima, ngumu na za kudumu, lakini kwa mkono usiozoea zitachosha msumeno na mwenye msumeno. Mvule nao ni mzuri, ila vumbi lake huwasha ngozi na kuwasumbua wenye pumu. Ukiwa Pwani, ubao wa mwembe au wa mnazi uliozeeka unaweza kupatikana kwa bei nafuu. Kagua tu kama una matundu madogo ya wadudu yenye unga mwepesi, kwani unga huo ni dalili kuwa wadudu bado wamo.

Kupima ukavu

Ubao mbichi ukikatwa leo ukaunganishwa leo, baada ya wiki chache utapinda na misumari italegea. Dalili za ubao mbichi ni uzito mkubwa kuliko wenzake wa kipimo kilekile, ubaridi unapougusa kwa shavu, na harufu kali ya utomvu. Ukiwa na mashaka, ipo njia ya nyumbani isiyodanganya. Kata kipande kidogo, kipime kwa mizani ya jikoni, andika uzito wake, kisha kiweke kivulini penye hewa. Kipime tena kila baada ya siku mbili. Uzito ukiendelea kupungua, ubao bado unakauka. Ulaze ubao wako juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, usiuegemeze ukutani kwani utapinda, na usubiri hadi uzito wa kile kipande utulie.

Kupima ukubwa

Ubao unaoitwa “moja kwa sita” hutarajiwa kuwa na unene wa inchi 1 na upana wa inchi 6, yaani takriban sentimita 2.5 kwa 15. Ukishapigwa randa hupungua, na si ajabu kubaki na sentimita 2 kwa 14. Upungufu huo si wizi, ila unapaswa kuujua kabla ya kulipa. Nenda dukani na tepu yako mwenyewe, pima unene, upana na urefu, na utazame ubao kwa jicho moja kutoka kichwani hadi mwisho ili uone kama umenyooka.

SEHEMU YA PILI: VIFAA NA MAHITAJI

Andaa vitu vifuatavyo:

- ubao mmoja mkavu wa moja kwa sita uliopigwa randa, wenye urefu wa futi 6 (sentimita 183);
- fimbo ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 2.5 na urefu wa sentimita 42; mpini mpya wa ufagio unafaa, mradi haujapakwa rangi;
- misumari ya inchi 1½, takriban 24;
- gundi nyeupe ya mbao;
- msasa wa namba 80, 120 na 240;
- msumeno wa mkono, nyundo, patasi, tepu, penseli na kipimo cha pembe mraba;
- drili au keekee yenye ncha nyembamba na ncha ya sentimita 2.5;
- kizuia vumbi cha kufunika pua na mdomo, pamoja na miwani ya kazi.

Tunasisitiza kizuia vumbi. Vumbi la mbao, hata la mbao zisizo na dawa yoyote, limetambuliwa kimataifa kuwa kisababishi cha saratani kwa wanaolivuta kwa muda mrefu. Fanyia kazi yako nje, upepo ukikupitia ubavuni, na watoto wakiwa mbali.

Kama huna drili wala patasi, usinunue kwa ajili ya kazi moja. Mpelekee seremala wa jirani vipande vyako atoboe matundu mawili. Gharama yake itakuwa ndogo kuliko ya kifaa kipya.

SEHEMU YA TATU: KUTENGENEZA KIBEBEO

Kibebeo chetu kina kitako, vichwa viwili vilivyosimama, mbavu mbili za pembeni, kiambaza kimoja cha kugawa vyumba, na mpini. Vipimo hivi ni vya ubao wenye unene wa sentimita 2 na upana wa sentimita 14. Kama ubao wako una upana tofauti, kila palipoandikwa 14 weka upana wa ubao wako.

1. Kukata. Kata ubao kwa kukingamia urefu wake, upate kitako cha sentimita 38, vichwa viwili vya sentimita 22 kila kimoja, na vipande viwili vya sentimita 42 kwa ajili ya mbavu. Jumla ni sentimita 166. Kila mkato wa msumeno hula milimita chache, kwa hiyo usichore mistari yote kwa mpigo: chora mmoja, kata, kisha pima upya. Kitabaki kipande cha takriban sentimita 15. Kihifadhi, kitakuwa cha kujaribia mafuta au vanishi.

2. Kuchana mbavu. Chora mstari kwenye vipande viwili vya sentimita 42 ili kila ubavu uwe na kimo cha sentimita 8, kisha chana kwa msumeno kufuata mstari. Utabaki na vipapi viwili vyembamba vyenye upana wa sentimita 5.5 hivi. Usivitupe. Kutoka kipapi kimoja kata kiambaza cha sentimita 14. Kipapi cha pili tutakitumia katika sehemu inayofuata.

3. Kutoboa vichwa. Kwenye kila kichwa, weka alama katikati ya upana, sentimita 3 chini ya ukingo wa juu. Toboa tundu la sentimita 2.5. Weka kipande kibovu cha ubao chini yake wakati wa kutoboa ili upande wa pili usichanike. Ukipenda, punguza pembe mbili za juu ziwe za mviringo, ili zisimchome mtu kifuani anapoinamia meza.

4. Msasa wa kwanza. Piga msasa nyuso zote za ndani kabla ya kuunganisha, kwa sababu baadaye mkono hautafika vizuri. Anza na namba 80, fuata 120, malizia na 240. Sugua kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za ubao, si kuzikata.

5. Kuunganisha. Simamisha vichwa kwenye ncha mbili za kitako, vikikaa kwa nje, ili urefu wote uwe sentimita 42. Paka gundi kiasi na upigilie misumari miwili kila upande. Kisha paka gundi kwenye kingo za kitako na za vichwa, ulaze ubavu, na uupigilie misumari minne kwenye kitako na mmoja kwenye kila kichwa. Geuza, fanya vivyo hivyo upande wa pili. Kabla ya kila msumari toboa kwanza tundu jembamba, hasa karibu na ncha za ubao, kwani paini hupasuka upesi. Gundi iliyofurika ifutwe papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu. Ikikauka itazuia mafuta yasiingie na kuacha doa.

6. Kiambaza. Kiweke sentimita 14 kutoka kichwa kimoja. Hapo utapata chumba cha sentimita 14 kwa 14, kinachotosha glasi au vikombe vinne vyenye kipenyo kisichozidi sentimita 6.5, na chumba cha sentimita 22 kwa 14, kinachotosha vijiko na uma za kawaida zikiwa zimelala. Kipigilie msumari mmoja kutoka kila ubavu.

7. Mpini. Pitisha fimbo kwenye matundu yote mawili hadi ncha zake zilingane na uso wa nje wa vichwa. Tia gundi kwenye matundu, kisha pigilia msumari mmoja kutoka juu ya kila kichwa hadi kwenye fimbo ili isizunguke. Acha kibebeo kitulie usiku mzima.

8. Jaribio la uzito. Kabla hujakiamini mbele ya wageni, kijaze glasi za maji na vijiko, ukiinue kwa mkono mmoja juu ya kitanda au godoro, ukitikise kidogo. Kisipolia na kisipolegea, kiko tayari. Chai ya moto isibebwe kwa kifaa hiki kwa hali yoyote. Birika libebwe peke yake, na mtu mzima.

SEHEMU YA NNE: KIWEKEO CHA SUFURIA

Kile kipapi cha pili cha sentimita 42 kinatosha kutengeneza kiwekeo cha sufuria ya moto, ili pilau ifike mezani bila kuunguza kitambaa wala ubao wa meza. Kata vipande viwili vya sentimita 20. Katikati ya kila kimoja chora pengo lenye upana sawa na wa kipande chenyewe, yaani sentimita 5.5, na kina cha sentimita 1, ambayo ni nusu ya unene. Ndani ya pengo kata mistari kadhaa kwa msumeno hadi kina hicho, kisha ondoa mabaki kwa patasi. Pandanisha vipande hivyo kama msalaba, pengo kwa pengo, vikiwa vimelala. Vikikaa sawa, tia gundi na uviwekee kitu kizito hadi asubuhi.

Mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, chagua sehemu isiyo na vifundo, kwa maana kifundo cha paini kikipata joto hutoa utomvu unaonata kwenye sufuria. Pili, kiwekeo hiki kisipakwe nta wala vanishi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 62 hadi 64 za Selsiasi, na sufuria iliyotoka jikoni ina joto kuliko hilo. Kiache kikavu.

SEHEMU YA TANO: KUPAKA KIBEBEO

Kibebeo kisichopakwa kitu hunywa chai na mchuzi, na madoa hayatoki. Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo tunayoipendekeza, ni nta ya nyuki na mafuta. Chukua gramu 25 za nta safi na mililita 100 za mafuta angavu ya parafini yanayouzwa duka la dawa kama dawa ya kulainisha choo. Weka nta kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, na moto uwe mdogo. Usiweke kopo moja kwa moja juu ya moto kwa kuwa mvuke wa nta huwaka. Nta ikiyeyuka, changanya na mafuta, epua, acha igande iwe laini kama mafuta ya kujipaka. Paka kwa kitambaa, acha saa kadhaa, kisha futa mabaki yote.

Hapa onyo ni la lazima. Baadhi ya watu huita mafuta ya taa “parafini”. Mafuta ya taa ni sumu na hayaruhusiwi kabisa katika kazi hii. Nunua kwenye duka la dawa, soma lebo, na hakikisha imeandikwa kuwa ni ya kunywewa. Vilevile mafuta ya injini, hata yakiwa mapya, hayafai, ijapokuwa mafundi wengine huyatumia kung'arisha mbao. Mafuta ya kupikia hayana sumu, lakini mengi huchacha ndani ya ubao na kutoa harufu mbaya baada ya muda.

Njia ya pili ni mafuta ya kitani, ambayo madukani huitwa linsidi. Chagua yale mabichi. Yale yanayoitwa “yaliyochemshwa” kwa kawaida huongezwa madini ya kuharakisha ukavu. Mafuta mabichi huchukua siku nyingi, hata wiki, kukauka. Kitambaa kilichotumika kupakia mafuta haya kikikunjwa na kutupwa kwenye kona huweza kujipasha joto na kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye maji kabla ya kukitupa. Onyo hili si la nadharia. Ni sababu inayofahamika ya mioto katika karakana.

Njia ya tatu ni vanishi au rangi. Kama unataka kupaka rangi, nunua kopo lililofungwa, lenye jina la mtengenezaji, tarehe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, na linaloeleza kuwa halina risasi. Umoja wa Mataifa hupendekeza kwamba risasi katika rangi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja. Rangi inayopimwa kwa kikombe kutoka kwenye ndoo isiyo na lebo haiwezi kukuonyesha kiwango chake, hata muuzaji akiapa. Paka nje tu. Ndani, panapolala vijiko, tumia nta. Acha siku zote zilizoandikwa kwenye kopo zipite kabla ya kutumia. Kukauka kwa kugusa si sawa na kukomaa.

Njia yoyote utakayochagua, ijaribu kwanza kwenye kile kipande cha sentimita 15 ulichokihifadhi.

SEHEMU YA SITA: MATUNZO

Kibebeo kifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha kikavu. Kisilowekwe wala kuachwa juani kikikauka, kwani ubao unaolowa na kukaushwa kwa ghafla hupasuka. Vijiko viwekwe vikiwa vikavu. Kila baada ya miezi michache, au ubao unapoonekana umepauka, paka nta upya. Ukiona ukungu mweusi usiotoka kwa msasa, au ufa unaoficha uchafu, kipande hicho kibadilishwe.

SEHEMU YA SABA: UKIAMUA KUNUNUA

Si kila mtu ana nafasi ya kutengeneza. Anayenunua kibebeo kilichokwisha tengenezwa amwulize muuzaji maswali manne: ni ubao gani, ulitiwa dawa au la, umepakwa nini, na kikilegea ndani ya mwezi mmoja atafanya nini. Majibu yaandikwe kwenye risiti. Kinusie ndani: harufu kali ya rangi au ya dawa ni sababu ya kutosha kukiacha. Pitisha kidole kwenye kingo na viungo, utafute vibanzi na ncha za misumari.

Kumwambia mnunuzi kuwa ubao haukutiwa dawa ilhali ulitiwa ni kumpotosha, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Ikitokea hivyo, anza kwa muuzaji mwenyewe ukiwa na risiti na bidhaa mkononi. Mashauri mengi huishia hapo kwa amani. Asipokusikiliza, suala la upotoshaji lipelekwe Tume ya Ushindani, la vipimo kwa Wakala wa Vipimo, na la ubora wa rangi au vanishi kwa Shirika la Viwango Tanzania. Bila risiti madai yako yatakuwa dhaifu, kwa hiyo dai risiti hata kwa ubao mmoja.

MASWALI YA KUJIPIMA

Swali la 1. Jirani amekupa bure vipande vya mbao za paa vilivyopauka kwa jua. Havina rangi ya kijani. Je, utavitumia?
Jibu: Hapana. Kupauka hakuthibitishi kuwa dawa imetoka. Usipojua ubao ulitoka wapi, usiukaribishe mezani, wala usiuchome jikoni.

Swali la 2. Paleti ina muhuri wenye herufi HT, lakini ina doa jeusi linalonuka. Je, inafaa?
Jibu: Haifai. Muhuri unaeleza tiba tu, hauelezi mzigo uliobebwa baadaye.

Swali la 3. Umemaliza kupaka linsidi na mvua inakaribia. Vitambaa utaviweka wapi?
Jibu: Ndani ya ndoo ya maji. Visikunjwe wala kurundikwa ndani ya nyumba.

Swali la 4. Kiwekeo cha sufuria kinaonekana kikavu na kisichovutia kikiwa kando ya kibebeo kinachong'aa. Ukipake nta vilingane?
Jibu: Usikipake. Nta itayeyuka chini ya sufuria na kuhamia kwenye kitambaa cha meza.

Msomaji aliyefika hapa ana kazi moja iliyobaki, nayo ni kwenda kununua ubao. Abebe tepu yake, aulize swali la dawa kabla ya swali la bei, na arudi na risiti. Akifanya hivyo, siku mgeni atakapobisha hodi, vikombe na vijiko vitafika mezani kwa safari moja, na mwenyeji atakaa na mgeni wake akijua kwamba hakuna alichomwekea mbele ambacho asingemwekea mwanawe.